Mei Mosi Ijayo Tusomeeni Hesabu: Barua ya Wazi kwa Waajiri wa Kilosa na Mikumi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Kilosa;
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa;
Mameneja na wamiliki wa mashamba, viwanda, hoteli, vituo vya mafuta, shule na hospitali mlioajiri watu 20 na zaidi.

Nakala: Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi.

YAH: UBAGUZI WA WAFANYAKAZI WENYE ULEMAVU SEHEMU ZA KAZI

Waheshimiwa na ndugu waajiri,

  Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha tumezimaliza. Barua tumezipeleka masjala zikagongwa mhuri na kulala huko. Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tunapewa fulana na soda, tunapigwa picha na mgeni rasmi, tunaambiwa kwamba ulemavu si kulemaa. Tarehe 4 tunarudi kwenye mageti yale yale na majibu ni yale yale: nafasi zimejaa, acha namba, tutakupigia.

Sitajifanya sina upande. Natembea kwa fimbo, na kazi niliyokuwa nayo niliipoteza ndani ya wilaya hii. Ninachosema ni kifupi: ubaguzi huu unaendelea wakati sheria ya kuuzuia ipo, kwa kuwa hakuna anayewadai waajiri hesabu. Naomba mnivumilie niyaseme moja baada ya jingine.

1. Kazi za wilaya hii huumiza watu, kisha huwakataa

Kilosa imejengwa kwa mikono na migongo. Babu zetu waliletwa kama manamba kwenye mkonge wa Kimamba na Rudewa, na aliyewahi kusimama karibu na korona, mashine ya kuchakata mkonge, anaijua tabia yake: jani linaingia, maji ya kijani yanaruka, singa zinatokea upande wa pili. Mkono ukilisindikiza jani kupita kiasi, haurudi. Kwenye miwa ya Ruhembe na Kidodi, panga likiteleza kwa jasho hutua kwenye ugoko. Hapa Mikumi, barabara ya Kidatu inakutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Malori hayalali, na kijana wa bodaboda aliyegongwa alfajiri habari zake zimeshafika sokoni kabla ya saa mbili.

Watu hao jana yake walikuwa wachapakazi mnaowasifia. Wahenga walituachia neno: hujafa hujaumbika. Meneja anayesema leo kwamba kazi yake haimfai mtu mwenye ulemavu anawasema wafanyakazi wake mwenyewe, wale ambao zamu yao haijafika.

Na msidhani sisi ni wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Piteni kwenye ofisi zenu mtuhesabu.

2. Ubaguzi wenyewe huja na tabasamu

Waajiri wa huku hamtukani mtu. Mngetukana, kesi ingekuwa nyepesi. Hivi ndivyo mnavyofanya:

Mnatangaza nafasi ya karani wa kuketi mezani, halafu mnaandika mwombaji awe na "siha njema na uwezo wa kuhimili mazingira magumu". Mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu akisoma hapo ameshaelewa kwamba hatakiwi.

Mnaita usaili ghorofani kwenye jengo ambalo njia pekee ya kupanda ni ngazi, wakati chini kuna chumba kitupu chenye viti.

Kiziwi mnamwambia aje na ndugu yake wa kumtafsiria. Ndugu huyo, aliyeacha biashara yake sokoni, ndiye anayejibu maswali ya ufundi asiousomea, kisha mnaandika kwamba mwombaji hakujieleza vizuri. Mkalimani wa lugha ya alama hamkumwita, kwa sababu "hatuna fungu".

Mwenye ualbino mnampangia kuandika mahudhurio shambani saa sita mchana bila kofia pana wala mafuta ya kukinga jua, huku mwenzake mwenye cheti kile kile akikaa ofisini. Ngozi ikibabuka, mnasema hana uvumilivu.

Halafu yuko yule wa getini. Mnamwajiri kweli, mnampa kiti cha plastiki kando ya lango, mnaingiza jina lake kwenye orodha ili mkiulizwa muwe na la kuonyesha. Hana majukumu yaliyoandikwa, hapelekwi mafunzo, hapandi cheo. Vijana anaowafungulia lango wanakuwa wasimamizi, yeye anabaki na kiti chake.

3. Yaliyonikuta

Nilikuwa karani wa stoo kwa mwajiri mmoja wa wilaya hii. Jina lake nalihifadhi, maana barua hii haihusu mtu mmoja. Rundo la magunia liliporomoka likaniangukia. Mguu wa kushoto ulivunjika na kuunga vibaya. Sasa ni mfupi kuliko wa kulia.

Nilirudi na barua ya daktari iliyosema naweza kufanya kazi za kukaa. Leja yangu niliikuta kwenye meza ya mtu mwingine. Bosi alinipokea vizuri mno, akaniagizia chai na chapati. Akasema, "Mwanangu, wewe pumzika kwanza nyumbani. Stoo ina ngazi, nisije nikakuua." Ngazi zilikuwa tatu, za saruji, na leja haikai juu ya ngazi. Nikamwomba nibaki na leja na kadi za stoo, kijana mmoja awe ananihesabia mzigo kule ndani. Akasema atalifikiria.

Mwisho wa mwezi nililetewa karatasi ya "makubaliano ya hiari" ya kuacha kazi, na mhasibu akanieleza kwamba bila sahihi mshahara wangu wa mwisho hautoki. Hiyo ndiyo hiari yenyewe. Kilichonikera zaidi kilikuja baadaye: aliyekabidhiwa leja akawa ananipigia simu kuniuliza mzigo fulani uko rafu gani na salio la jana nililipataje. Kazi waliyosema siiwezi, niliifanya kwa simu, nikiwa nimelala kitandani, bila malipo.

4. Sheria hamjakosa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inautaja ulemavu kwa jina. Inamtaka kila mwajiri aandae mpango wa kuzuia ubaguzi na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Tena mfanyakazi akishaonyesha dalili za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubaguliwa unahamia kwa mwajiri. Nawauliza kwa heshima: mpango wenu umebandikwa wapi?

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kifungu cha 31 kinasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaifanya: wafanyakazi 100, watu 3; wafanyakazi 1,000, watu 30. Ukiilinganisha na ile asilimia 11.2 ya sensa, sheria haikudai hata theluthi.

Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 nazo zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa mtu kwa ugonjwa au kuumia, aangalie kama anaweza kurekebisha kazi au kumpa nyingine. Aliyeumia akiwa kazini, jukumu hilo linakuwa zito zaidi. Chai na chapati hazihesabiki kuwa ni kuangalia.

Kuhusu fidia, tumetoka mbali. Chini ya sheria ya zamani, Sura ya 263, kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa Sh 108,000, na cha kifo Sh 83,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilifuta aibu hiyo, na Mfuko wake, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Lakini WCF hulipa fidia na matibabu; leja haurudishi. Baadhi yenu mnasema, "Ameshalipwa na Mfuko, anataka nini tena?" Anataka kazi yake.

5. Hoja zenu tumezisikia

Mnasema ni gharama. Gharama gani? Njia ya mteremko ya saruji badala ya ngazi tatu ni kazi ya fundi mmoja na mifuko michache. Kuhamisha usaili kutoka ghorofani kwenda chini ni kazi ya mhudumu wa kubeba viti. Kwa wengi wetu, kinachotakiwa ni kubadilishana majukumu na mwenzako.

Mnasema kuna kazi zisizowezekana. Ni kweli, na sheria inakubali kwamba zipo sifa ambazo kazi yenyewe inazidai. Hakuna anayeomba kipofu apewe trekta la miwa. Ila mnaichukua hoja ya trekta na kuipeleka kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye chumba cha uhasibu, kwenye mzani, kwenye darasa na maabara, ambako haina kazi.

Mnasema waombaji hawaji. Wataombaje, wakati tangazo limeshawafukuza? Mikumi ina chuo cha ufundi cha VETA. Mara ya mwisho mlimwandikia lini mkuu wa chuo mkiomba majina ya wahitimu wenye ulemavu?

Wapo pia wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba watalii wanaokwenda Hifadhi ya Mikumi hawapendi kumwona mtu wa magongo mapokezini. Baadhi ya watalii hao wanatoka nchi zenye sheria kali kuliko zetu. Nchini Ujerumani kizingiti ni kile kile cha wafanyakazi 20, lakini kiwango ni asilimia 5, na asiyekifikia hulipa tozo kwa kila nafasi aliyoiacha wazi. Kwetu, asiyefikisha asilimia 3 sijawahi kusikia amelipishwa kitu wala ameulizwa na mtu. Tofauti ya Mjerumani na nyinyi haiko kwenye huruma. Yeye anahesabiwa.

6. Anayeomba kazi msimwelekeze kwenye mkopo

Hili ni la Halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, na mwaka 2024 ikarudishwa. Ni jambo jema na tunashukuru.

Lakini asilimia 2 imegeuzwa jibu la kila swali. Mtu ana stashahada ya uhasibu, anakuja kuulizia ajira, anaambiwa, "Undeni kikundi mpate mkopo mfuge kuku." Mwenzake asiye na ulemavu, mwenye stashahada hiyo hiyo, anaambiwa alete vyeti. Kwa nini ulemavu wangu unifanye mfugaji? Halmashauri nayo ni mwajiri, tena mkubwa, na asilimia 3 inaihusu kama inavyomhusu mwenye kiwanda.

7. Vibarua hawana pa kushika, na Morogoro ni mbali

Sehemu kubwa ya kazi za mashambani na za ujenzi hufanywa na vibarua. Wengi hawana mkataba wa maandishi, majina yao yako kwenye daftari la nyapara. Akiumia, nyapara anachukua kalamu, anakata mstari. Sheria ya fidia inamlinda mfanyakazi yeyote, lakini madai yasipopelekwa ndani ya miezi 12 haki inaweza kupotea, na kibarua hajawahi kuambiwa hilo na mtu.

Mwenye mkataba naye ana vita yake. Ukiachishwa isivyo halali una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Tume iko Morogoro mjini. Kutoka Mikumi unakatiza hifadhi nzima. Kutoka Kilosa unazungukia Dumila. Mwenye mguu uliotoka plasta jana apande basi lenye ngazi ndefu, alipe nauli yake na ya msindikizaji, aambiwe shauri limeahirishwa, arudi wiki ijayo. Mwajiri hahitaji wakili mzuri. Anahitaji maahirisho mawili tu.

MAOMBI YETU

Kwa kuwa lawama peke yake haimrudishi mtu kazini, tunaomba haya, na tunaomba yaanze kabla ya Mei Mosi ijayo:

(a) Kila mwajiri mwenye watu 20 na zaidi abandike kwenye ubao wa matangazo mambo matatu: jumla ya wafanyakazi, wangapi kati yao wana ulemavu, na wako ngazi zipi. Majina hatuyataki, faragha ya mtu iheshimiwe. Wa kiti cha getini aandikwe kama alivyo.

(b) Asiwepo aliyeumia kazini atakayesainishwa kuacha kazi bila maoni ya daktari na bila kiongozi wa tawi la chama chake kuwepo mezani. Waliosainishwa kwa shinikizo la mshahara waitwe, mazungumzo yaanze upya.

(c) Matangazo ya kazi yafutwe masharti ya siha yasiyohusiana na kazi yenyewe. Usaili ufanyike chini, na mkalimani alipwe na mwajiri.

(d) Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tumia nafasi yako kuwaomba Afisa Kazi na CMA wafanye vikao Kilosa mjini na Mikumi kwa ratiba inayojulikana, na Mfuko wa Fidia uwafikie vibarua huko huko mashambani, kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha ya alama.

(e) Ndugu Mkurugenzi, anza na nyumba yako. Toa hesabu ya Halmashauri kwanza, na majengo mapya yasipewe kibali bila njia ya mteremko na choo ambacho mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia na kufunga mlango.

(f) Vyama vya wafanyakazi, hasa ninyi wa mashambani mlio chini ya TPAWU: asilimia 3 na ulinzi wa aliyeumia viingizwe kwenye mikataba ya hali bora. Mnatukata ada kila mwezi. Tuoneni pia siku ya kuachishwa.

(g) Chuo cha VETA Mikumi na vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, waweke rejista ya pamoja ya wahitimu na mafundi wenye ulemavu, ili neno "hawaji" lipate jibu la maandishi.

KWA NINI SASA

Kilosa inapanuka. Treni ya reli ya kisasa, SGR, inapita kwenye vichuguu vya milima yetu na ina kituo hapa. Kiwanda cha sukari cha Mbigiri kilizinduliwa Agosti 2024. Sina shutuma juu yao. Nawataja kwa sababu penye ajira mpya kuna majengo mapya, mafunzo mapya na orodha mpya za wafanyakazi, na kufanya jambo sawa tangu msingi ni rahisi kuliko kubomoa ukuta baadaye. Tukilikosa hili sasa, watoto wetu watarithi mageti yale yale yenye rangi mpya.

Na hasara haiko kwetu peke yetu. Mnapomfukuza karani aliyeijua stoo miaka yote, mnalipa kumfundisha mwingine. Vibarua wanapoona aliyeumia anakatwa kwenye daftari, wanaficha majeraha na kuendelea kushika panga kwa mkono wenye donda, mpaka ajali ndogo inazaa kubwa. Na familia ya aliyeachishwa inakula kwa ndugu, ambaye mara nyingi naye ni mwajiriwa wenu. Mwisho wa mwezi mnamshangaa kwa kuomba mshahara wa mbele.

Kwa hiyo Mei Mosi ijayo, kabla mfanyakazi hodari hajaitwa kupokea cheti na bahasha yake, kila mwajiri asimame asome namba mbili: nina wafanyakazi kadhaa, wenye ulemavu ni kadhaa. Haihitaji semina, mfadhili wala posho ya kikao. Mwenye asilimia 3 tutampigia makofi kwa moyo. Asiyefikisha aseme mbele ya wafanyakazi wake atafikisha lini. Na atakayekataa kusoma, tutaichukua hiyo kuwa jibu, na anuani itakayofuata kwenye barua zetu itakuwa ya Tume na ya Kamishna wa Kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa stoo wa zamani,
Mikumi, Kilosa.